Kizuri Hakijiuzi, Nenda Kapige Hodi

Ipo methali moja iliyoziua tovuti za Kiswahili kuliko ukosefu wa bando: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu anahangaika miezi kadhaa kujenga tovuti yake. Anaandika makala zenye akili, anapiga picha kwa simu yake mwenyewe, analipia jina na sehemu ya kuihifadhi, kisha anakunja mikono kwa heshima zote na kusubiri watu. Kujitangaza anaona haya. Anaogopa kuambiwa ana kiherehere. Mwisho wa mwezi anafungua takwimu na kukuta wasomaji tisa, na kati ya hao wanne ni yeye mwenyewe alipokuwa akikagua kama picha zimekaa sawa.

Ndugu yangu, methali ile ilitungwa kwa ajili ya soko, mahali ambapo bidhaa inaonekana, inashikwa, inanuswa. Tovuti hainuki. Hakuna anayepita mlangoni kwake akienda kuchota maji. Itakaa huko iliko hadi mtu aambiwe kwamba ipo, na mtu wa kwanza mwenye wajibu wa kusema ni wewe. Wazee hawakutuachia methali moja tu. Wauzaji wa Kariakoo wanaamka nayo nyingine kila siku: biashara matangazo. Shika hiyo.

Tazama kwanza uwanja uliopo. UNESCO inawataja wasemaji wa Kiswahili kuwa zaidi ya milioni 200, na mwaka 2021 iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya lugha hii duniani. Sasa ingia Google utafute kwa Kiswahili jambo la kawaida kabisa: dalili za kideri kwa kuku, au mkataba wa kupanga chumba unavyoandikwa. Utakuta kurasa chache. Nyingine zimetafsiriwa na mashine hadi zinachekesha, nyingine ziliandikwa zamani zikaachwa zikipauka. Anayeandika kwa Kiingereza kuhusu kuku anapambana na vyuo vikuu na makampuni makubwa ya Marekani. Wewe unayeandika kwa Kiswahili una nafasi ambayo yeye angeilipia pesa nyingi, nawe umeikalia.

Kwa wale wenye haya, nimkumbuke karani mmoja wa forodha. Shaaban Robert hakuanza akiwa na vitabu kwenye kila rafu ya shule. Katika miaka ya 1930, akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, mashairi yake yalisomwa ndani ya Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923. Gazeti halikuwa lake. Wahariri hawakuwa wake. Ila wasomaji walikuwa humo, walimu na makarani na kila aliyejua kusoma, naye akawapelekea kazi yake kulekule waliko. Jina lilijengeka kwenye ukumbi wa watu wengine, vitabu vikaja baadaye. Kama huko ni kiherehere, basi fasihi yetu ina deni kubwa kwa wenye kiherehere.

Mambo yalikwenda vivyo hivyo intaneti ilipotufikia. Ndesanjo Macha alipofungua Jikomboe mwaka 2004, moja ya blogu za mwanzo kabisa za Kiswahili, hakukuwa na umati uliokuwa ukimngoja. Alikuwa mwandishi wa safu gazetini, akautumia ukumbi ule kuwaeleza watu kitu kigeni kinachoitwa blogu, na hakuchoka kuwataja wenzake waliokuwa wakianza. Mwaka uliofuata mpiga picha Muhidin Issa Michuzi naye akaanza blogu yake, na Watanzania wa ughaibuni wakapata mahali pa kuonea nyumbani kunaendaje. Walitajana, waliunganishana, walipelekeana wasomaji. Hakuna aliyemwibia mwenzake mtu. Wote walikua.

Mfano wa kigeni nautoa mmoja tu, kwa kuwa hesabu yake imewekwa wazi na wenyewe. Buffer, programu ya kupanga posti za mitandao ya kijamii, ilianzishwa Uingereza na Joel Gascoigne mwishoni mwa mwaka 2010. Mwenzake, Leo Widrich, alipewa kazi ya kuitangaza bila fungu la matangazo. Akaandika makala kwenye tovuti za watu wengine, kama 150 ndani ya miezi tisa, na kufikia hapo watumiaji walikuwa wamekaribia 100,000. Wengi hupenda kuirudia hesabu hiyo. Mimi napenda sehemu ambayo watu huiruka: Widrich alisema mwenyewe kwamba makala za mwanzo hazikuleta karibu chochote. Angeacha kwenye ya kumi, leo tusingekuwa na cha kusimulia. Wewe huhitaji 150. Mbili kwa mwezi, kwa mwaka mzima, zinatosha kuibadilisha tovuti ndogo.

Basi tuingie kazini. Kuandika kwenye tovuti ya mwingine kuna sheria moja mama, na sheria hiyo unaijua tangu utoto: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayekaribishwa ni yule ambaye kuja kwake kunamponya mwenye nyumba. Barua nyingi zinazowafikia wahariri zina mgeni anayekuja kuponywa yeye. "Naombeni mniwekee kiungo changu." "Naomba mnisapoti kijana wenu." Mhariri ana njaa yake, anatafuta makala ya Jumatatu, na wewe umemwongezea mzigo. Anaifuta, na hana kosa.

Tuuchukue mfano mmoja tuukamue hadi mwisho. Tuseme unafuga kuku wa kienyeji Singida, mkoa ambao kuku wake wanajulikana hadi Dar es Salaam, na una tovuti ndogo ya ufugaji. Unachokijua kuliko wengi ni kideri, ule ugonjwa ambao wengine wanauita mdondo, unaoweza kumaliza banda zima kwa muda mfupi. Unajua kuwa ipo chanjo ya I-2, kwamba ni tone moja tu jichoni, kwamba inarudiwa kila baada ya miezi mitatu, na kwamba chupa moja inachanja kuku wengi mno kuliko alionao mfugaji mdogo, hivyo majirani hununua kwa pamoja. Maarifa hayo ndiyo mtaji wako. Yapelekwe wapi?

Wengi watakimbilia tovuti nyingine za kuku. Sawa, ila huko wasomaji tayari wanajua mengi, na mwenye tovuti anaweza kukuona mshindani. Fikiria nyumba nyingine. Upo ukurasa wa wana vikoba, wanawake wanaokopeshana na kuwekeza. Wapelekee makala juu ya mkopo unaoingia bandani kabla ya chanjo, na namna kikundi kinavyoweza kuchangia chupa moja. Ipo tovuti ya Watanzania wanaoishi nje, ambao kila mwezi wanatuma hela nyumbani. Wao waandikie hivi: umemtumia mama fedha ya mradi wa kuku, muulize maswali haya matano kabla hujatuma awamu ya pili. Upo ukurasa wa mapishi. Huko kideri hakina kazi, lakini namna ya kumtambua jogoo mzee sokoni, na muda anaohitaji jikoni, itasomwa hadi mstari wa mwisho. Banda ni lilelile, mfugaji yuleyule, makala tatu tofauti kabisa, na hakuna hata mmoja kati ya wenyeji hao aliyekuwa na wa kumwandikia jambo hilo.

Kabla ya kubisha, soma. Makala tatu au nne za mwenyeji, pamoja na maoni ya wasomaji chini yake, maana huko ndiko maswali yasiyojibiwa yanakolala. Kisha andika barua fupi, ya mtu kwa mtu. Iwe na sura kama hii:

"Habari za kazi, dada. Mimi ni mfugaji wa kuku wa kienyeji hapa Singida, na ni msomaji wenu wa siku nyingi. Makala yenu kuhusu mikopo ya kikundi imenisaidia, hasa pale mlipoeleza wanaokopa kwa ajili ya mifugo. Kuna msomaji mmoja aliuliza kuhusu kuku kufa wote kwa pamoja, na sikuona akijibiwa. Ninaweza kuwaandikia makala ya maneno kama 800: chanjo inayohitajika, ratiba yake, na kikundi kinavyoweza kuinunua kwa pamoja. Picha ninazo, nimepiga mwenyewe. Nikiileta Ijumaa itawafaa? Nawatakia kazi njema."

Umeona barua hiyo isivyoomba huruma? Kiungo hakikutajwa, na hakuna haja ya kukitaja. Desturi ya kazi hii ni kwamba mwandishi mgeni anapewa mistari miwili mitatu mwishoni ya kujitambulisha, na humo ndimo jina la tovuti yako linamoingia. Mistari hiyo usiipoteze kwa kujisifu. Na kiungo kisielekee ukurasa wa mbele, ambako mgeni anafika na kuanza kujiuliza aende wapi. Kielekee ukurasa mmoja unaoendeleza alichokuwa akisoma: ratiba ya chanjo ya mwaka mzima, kwa mfano, iliyopangwa vizuri ya kubandikwa ukutani.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapochemsha. Mpe mwenyeji makala yako bora. Kuna uchoyo fulani unaotunong'oneza tubaki na kilicho kizuri na tugawe makombo. Ukiwa na wasomaji tisa kwako na elfu tano kwa mwenyeji, makala yako bora inafanya nini kwako? Wale elfu tano watakuhukumu kwa ukurasa mmoja tu waliouona. Ukiwapa makombo wataamini ndiyo chakula chako cha kila siku.

Makala ikitoka, kazi bado. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe jembe lichukue siku ileile ya kwanza. Jibu kila swali kwenye maoni. Isambaze makala kwa jina la mwenyeji, umtaje na kumshukuru hadharani. Mwezi ukiisha mwandikie tena umwambie wasomaji wake waliuliza nini, na kama ataona vema uandike sehemu ya pili. Mwenyeji uliyemtendea hivyo atakukaribisha tena, na siku nyingine atakupigia mwenyewe.

Na wasipojibu? Subiri wiki, kumbusha mara moja kwa adabu, halafu endelea mbele. Kimya cha mhariri mara nyingi ni kazi nyingi, simu iliyojaa, mtoto anayeumwa. Usikitafsiri kuwa dharau ukaenda kulalamika kwenye status. Makala aliyoiacha mmoja, irekebishe kidogo umpelekee wa pili.

Neno la onyo kabla sijasahau. Kuna watu watakutumia ujumbe wakiahidi kukuwekea viungo hamsini kwenye tovuti hamsini kwa bei ya chini, ili Google ikupandishe juu. Kimbia. Google iliongeza makali dhidi ya wenye viungo vya kununua na kupangana mwaka 2012, ilipotoa mabadiliko yaliyoitwa Penguin. Mwanzoni mwa 2014, Matt Cutts, aliyeongoza kitengo cha Google cha kupambana na tovuti za hila, alitangaza kwamba makala za wageni zinazoandikwa kwa ajili tu ya kupata viungo zimekwisha. Wengi walisikia nusu wakadhani mlango umefungwa. Baadaye alifafanua kuwa kuandika kwa wengine ili ujulikane na kuwafikia wasomaji wapya bado ni jambo jema. Tofauti iko kwenye nia, na nia inaonekana haraka sana. Mfugaji anayewaandikia wana vikoba kuhusu chanjo hana cha kuogopa.

Mitandao ya kijamii nayo ina mengi, lakini sitakaa huko sana, kwa sababu tatizo letu huko si uchache wa maarifa. Ni kutawanyika. Mtu mmoja ana akaunti sita, zote zina posti tatu tatu za mwaka juzi. Chagua mbili. Kwa wengi wetu wa Afrika Mashariki moja itakuwa WhatsApp, maana huko ndiko watu wanakoamkia, na ya pili iwe ile ambayo wasomaji wako wapo kweli. Mafundi cherehani na wapishi watafaidi Instagram na TikTok. Anayeandikia wazazi na wakulima wa umri wa kati bado atakuta umati Facebook.

WhatsApp ina siri ndogo ndogo ambazo wengi hawazijui. Orodha ya matangazo inabeba watu 256, lakini ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Hivyo jambo la kwanza la kumwomba msomaji ni kuihifadhi namba. Ujumbe uliokwishapitishwa mara nyingi hauruhusiwi tena kupelekwa kwenye makundi mengi kwa mpigo. Tangu 2020 unapitishwa gumzo moja moja. Kwa hiyo acha ule mtindo wa kutupa kiungo kilekile kwenye makundi kumi na kukimbia. Kundi la wafugaji liandikie sentensi zake, kundi la shule zake. Na huwezi kuwa mtu wa kutokea tu siku ya tangazo. Salimia, toa pole, jibu swali la mwenzako ambalo halihusiani na tovuti yako. Siku utakapoleta kiungo, watu watamfungulia mtu wanayemjua.

Usibandike kiungo kikavu. Toa kwanza kitu kamili ndani ya posti yenyewe: dalili tatu za kideri, picha moja iliyo wazi, tahadhari moja. Asiyebofya aondoke amefaidika. Anayetaka zaidi atakuja. Kwenye Instagram kiungo ndani ya maelezo ya picha hakibofyeki, kwa hiyo kiweke kwenye wasifu wako au kwenye stori, ambako tangu 2021 kila mtu anaruhusiwa kukiweka. Kabla ya kusambaza chochote, jitumie mwenyewe uone kichwa cha habari na picha vinavyotokea. Kiungo kinachotokea bila picha wengi wanakipita wakidhani ni cha matapeli. Halafu, tafadhali, punguza uzito wa picha kwenye tovuti. Msomaji wako anahesabu bando lake. Ukurasa unaokula bando la siku nzima hatarudi kuufungua, hata uwe umeandikwa na malaika.

Makala moja nzuri inaweza kulisha mitandao kwa wiki mbili. Jumatatu swali, Jumatano picha, Ijumaa video ya nusu dakika ya mkono ukidondosha chanjo jichoni mwa kuku, wiki inayofuata jibu la msomaji aliyejaribu. Waandishi wetu wengi wanatangaza makala siku moja kisha wanaona haya kuirudia. Waliokuwa shamba siku hiyo hawakuiona. Waliokuwa msibani hawakuiona. Irudie kwa sura nyingine, bila kuomba radhi.

Ila yote hayo yawe na mwisho mmoja: kuwarudisha watu kwako. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja dunia nzima kwa saa kama sita. Walioendesha biashara zao zote humo walikaa wakitazama simu. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa Tanzania, na waliokuwa na maelfu ya wafuasi huko wakabaki na hesabu tu. Akaunti ya mitandaoni ina mwenyewe, na mwenyewe si wewe. Kwa hiyo kila msomaji anayefika kwenye tovuti mwombe kitu kimoja ambacho kitabaki mikononi mwako: baruapepe au namba ya simu, kwa ridhaa yake, maana Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Watu mia mbili waliokupa namba zao kwa hiari wanaweza kukuinua kuliko wafuasi elfu ishirini uliowapata kwa vichekesho.

Ukiwa Tanzania na tovuti yako inagusa habari, pitia pia kanuni za TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, za maudhui ya mtandaoni. Zilianza 2018 na zimerekebishwa zaidi ya mara moja, hivyo uliza ofisini kwao leo zinasemaje kabla hujaanza kupiga kelele.

Najua kinachokushikilia. Unafikiri hujawa tayari. Unataka kwanza nembo mpya, kwanza makala zifike hamsini, kwanza upate mtu wa kukurekebishia rangi. Mfugaji mwenzako ambaye kuku wake watakufa kiangazi hiki hahitaji nembo yako. Anahitaji kujua kuhusu lile tone la jichoni, nawe unalijua na umelifungia ndani ya tovuti isiyosomwa na mtu. Unyenyekevu wa namna hiyo haumsaidii yeyote.

Basi usiku huu andika majina ya sehemu tano ambazo wasomaji wako wanakusanyika: tovuti, ukurasa wa gazeti, kipindi cha redio chenye ukurasa wake, kundi la kanisa au msikiti, chama cha wahitimu wa shule yako. Chagua moja. Soma makala zake tatu na maoni yaliyo chini yake. Kesho kabla ya saa nne asubuhi, barua ya hodi iwe imeondoka.